Maneno Mafupi ya Kiingereza na Maana Zake Nyingi

Wengi wanaojifunza Kiingereza huyaogopa maneno marefu. Wakikutana na neno kama "photosynthesis" hushtuka, wakalitamka mara tatu, kisha wakaliandika daftarini. Kumbe neno la namna hiyo ni jepesi. Lina maana moja tu, nayo ni jinsi majani ya mmea yanavyojitengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Mtu akiisha kuijua maana hiyo, kazi imekwisha. Yanayotega watu ni yale mafupi, ambayo kila mwanafunzi hudhani ameyamaliza katika mwaka wa kwanza: "run", "let", "fast", "table", "charge".

Shahidi wa jambo hili ni kamusi kubwa ya Oxford. Bwana James Murray alikabidhiwa kazi ya kuihariri mwaka 1879. Akafariki mwaka 1915 kabla ya kuona mwisho wake, na kamusi ikakamilika mwaka 1928. Kwa miaka mingi neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote humo lilikuwa "set", neno la herufi tatu. Baadaye wahariri walianza kuipitia kamusi nzima upya, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba "run" limelishinda: lina maana 645, na hizo ni za kitenzi peke yake. Mtu akikimbia, ni "run". Mto ukitiririka, ni "run". Injini inapozunguka, mwenye duka anaposimamia duka lake, mgombea anaposimama katika uchaguzi, rangi ya kitambaa inapochuja, basi linapofanya safari zake kila siku kati ya Nakuru na Nairobi, yote hayo Mwingereza huyasema kwa neno hilo moja.

Msomaji asicheke. Sisi wenyewe twapiga simu, twapiga pasi, twapiga kura, twapiga hodi, na katika hayo yote hakuna aliyeumizwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili hustaajabu vile vile.

Basi maana hizo nyingi zatoka wapi? Njia ni mbili, na yafaa kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni neno moja kuzaa matawi. Chukua neno "fast". Mwanafunzi hufundishwa kwamba ni "upesi". Halafu husoma kwamba mlango umefungwa "fast", na mlango hauendi popote. Husoma tena kwamba mtu amelala "fast asleep", naye hatembei. Mwisho husoma kwamba Waislamu hu"fast" mwezi wa Ramadhani, akakata tamaa. Lakini shina la neno hilo ni kukaza, kushika imara. Mlango uliokazwa hauyumbi; usingizi uliomkaza mtu hauondoki kwa urahisi; na mwenye kushika amri ya dini imara hujizuia kula. Mswahili angalikuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana naye husema "kufunga mlango" na "kufunga Ramadhani" kwa neno moja. Na ile maana ya upesi? Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, sisi husema amekaza mwendo. Waingereza wa kale walipita njia hiyo hiyo: kutoka kukaza wakafika kwenye nguvu, na kutoka nguvu wakafika kwenye mbio.

Njia ya pili ni maneno mawili yasiyohusiana kukutana na kuvaa kanzu moja. Kwetu kuna "kaa" wa baharini, "kaa" la moto, na "kaa" ya kumwambia mtu aketi. Haya si matawi ya mti mmoja. Ila Kiswahili chatusaidia kwa ngeli: "paa huyu amekimbia" si sawa na "paa hili linavuja", na mtoto hakosei. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo. Neno husimama uchi, na msikilizaji hana budi kuwatazama majirani zake.

Mfano mkubwa wa njia hii ya pili ni "let". Zamani palikuwa na maneno mawili: moja lilikuwa na maana ya kuruhusu, na la pili maana ya kuzuia. Sauti zake zikakaribiana hata yakawa neno moja lenye kujipinga. Lile la kuruhusu ndilo lililoshinda, lakini la kuzuia halikufa kabisa. Limo bado katika pasipoti za Uingereza, katika maneno ya kuomba kwamba mwenye pasipoti apite bila "let", yaani bila kizuizi. Nyumba yenye kibao "To Let" nayo hairuhusu wala haizuii, yatafuta mpangaji.

Kwa neno hilo dogo lilitokea shauri ambalo Waingereza hawajalisahau. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala huko Croydon, karibu na London, kwa nia ya kuiba. Christopher Craig, mwenye miaka 16, alikuwa na bastola. Mwenzake, Derek Bentley, alikuwa na miaka 19. Polisi mmoja alimkamata Bentley, na ndipo, kwa ushahidi wa polisi, Bentley alipomwambia mwenzake: "Let him have it, Chris." Craig akafyatua risasi na kumjeruhi polisi yule. Baada ya dakika kadhaa polisi mwingine, Sidney Miles, akapigwa risasi akafa, na wakati huo Bentley alikuwa amekwisha kukamatwa.

Sasa msomaji ayapime maneno hayo. Ukiyachukua moja moja, ni "mwache awe nayo", yaani mpe hiyo bastola. Ukiyachukua kama watu wa mitaani wasemavyo, ni "mtwange". Upande wa mashtaka ulishika maana ya pili. Waliomtetea Bentley katika miaka iliyofuata walisema kwamba hata kama maneno yalisemwa, maana ya kwanza yawezekana. Vijana wenyewe walikana wote wawili kwamba yalisemwa. Craig hakuweza kunyongwa kwa sababu ya umri wake, akafungwa. Bentley alinyongwa tarehe 28 Januari 1953. Tarehe 30 Julai 1998 Mahakama ya Rufani iliitangua hukumu yake, si kwa kuamua maneno yale yalikuwa na maana gani, bali kwa kuwa jaji hakuwaongoza wazee wa baraza kwa haki. Swali la maneno yenyewe lilibaki pale pale juu ya paa.

Hata wenye lugha hukwama wao kwa wao. Winston Churchill ameeleza katika kitabu chake cha historia ya vita jinsi maofisa wa Uingereza, katika mikutano yao na Wamarekani, walivyoleta shauri la haraka wakasema wataka ku"table" karatasi yao. Kwa Mwingereza maana yake ni kuiweka mezani ijadiliwe mara moja. Kwa Mmarekani maana yake ni kuiweka kando isijadiliwe. Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kutambua kwamba wote walikuwa wakitaka jambo lile lile.

Msomaji wa hapa Kenya pengine hatakaa na majemadari, lakini atatia sahihi karatasi za mkopo, na humo atalikuta neno "charge". Hili tulitazame vizuri, maana ndilo linaloweza kumgharimu shamba. Asili yake ni Kilatini, katika neno la gari la mizigo, nalo likapitia Kifaransa likiwa na maana ya kupakia. Ukikumbuka mzigo, matawi yake yote huonekana. Bei inayotozwa ni mzigo juu ya mnunuzi. Mashtaka ya polisi ni mzigo juu ya mshtakiwa. Umeme unaotiwa katika betri ni mzigo wake, kama baruti ilivyo katika bunduki. Aliyekabidhiwa watoto wa shule ana mzigo wa kuwalinda, ndiyo maana huitwa mtu "in charge".

Tatizo ni kwamba watu wengi hulijua tawi la kwanza tu. Mkulima huona neno hilo katika karatasi, akadhani ni ada ya karani, akatia sahihi. Lakini katika Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, "charge" ni ardhi yenyewe kuwekwa dhamana ya deni. Aliyekopesha, asipolipwa, aweza kuliuza shamba baada ya kutoa ilani zinazoagizwa na sheria hiyo. Kwa hiyo mtu atazame majirani wa neno. Likifuatana na idadi ya shilingi na kazi iliyofanywa, ni ada. Likifuatana na namba ya kiwanja na jina la mwenye ardhi, asitie sahihi mpaka aeleweshwe na mwanasheria.

Na siku deni linapolipwa lote, kuna karatasi nyingine ya kudai, iitwayo "discharge", yaani kushusha mzigo. Haitoshi kuiweka kabatini. Lazima iandikishwe katika ofisi ya ardhi, la sivyo daftari litaendelea kuonyesha kwamba shamba bado limebeba deni, hata kama mwenyewe ana risiti zote mkononi.