Maisha ya Shamba Katika Extremadura

Mwalimu wetu wa jiografia alipotaja Hispania, wengi wetu darasani tulifikiri habari za mpira tu. Mimi napenda kuwaeleza wasomaji juu ya jimbo la Extremadura, lililo magharibi ya nchi hiyo, mpakani na Ureno, na kwa nini watu hulitamani.

Kwanza ni nafasi. Kila kilomita mraba moja ina watu kama 25 tu. Katika mji wa Cáceres korongo hujenga matundu yao juu ya minara ya kale, na huko Monfragüe, palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2007, hukaa tumbusi wengi.

Lakini nchi ile haikubaki nzuri kwa sababu haikuguswa. Malisho yao, yaitwayo dehesa, si msitu wala si konde: ni mialoni iliyoachwa mbalimbali, na chini yake majani. Matunda ya mialoni yakianguka wakati wa baridi, nguruwe huyala wakanenepa (ndugu zangu Waislamu watanisamehe kumtaja mnyama huyu, maana kule ndiye mali). Aina nyingine ya mwaloni hutoa gome la kufanyizia vizibo vya chupa. Wachunaji hulichuna kwa shoka wakati wa joto, polepole, ili mti usiumie. Kisha mti huachwa miaka 9 hivi hata gome liote tena. Gome la kwanza na la pili halifai kwa vizibo. Basi apandaye leo hungoja miaka 40 na zaidi, na pengine mvunaji ni mjukuu wake.

Hapo ndipo penye taabu. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wengi mno walihamia Madrid, Barcelona, na hata Ujerumani, kutafuta kazi. Pasipo mtu wa kupogoa miti na kuchunga wanyama, vichaka huota, na moto hupata njia. Siwalaumu waliohama. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na mashamba mengi makubwa ni ya matajiri wachache.

Mimi nami ni mtoto wa shamba, na wenzangu bwenini huniuliza kama nitarudi kwetu baada ya mtihani. Sijawajibu bado. Kama ningekuwa kijana wa Extremadura, nadhani ningekaa, mradi nipate mialoni michache iliyo yangu mwenyewe.