Chuma Kisichoshika Kutu: Kila Aina na Kazi Yake

Vijiko vya mezani, makasi ya daktari, mhimili wa pampu: vyote hivyo twaviita inoksi, kana kwamba ni vya chuma kimoja. Kumbe sivyo. Vyuma visivyoshika kutu ni jamii kubwa, na ndugu wa jamii moja hawalingani tabia. Leo tutazame kimoja ambacho wakereza vyuma hukipenda sana, nao hukiita kwa namba yake: 416.

Kwanza tukumbuke asili ya jamii hiyo. Harry Brearley alikuwa mwana wa myeyusha chuma wa Sheffield, Uingereza, naye aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1913 alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akayeyusha chuma chenye kromi karibu sehemu 13 katika mia, akaona kwamba asidi haikili kama inavyokula vyuma vingine. Sababu yake ni hii: kromi huungana na oksijeni ya hewani, na kufanya juu ya chuma utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho. Utando huo ukikwaruzwa hujiponya wenyewe, mradi hewa ipo.

Lakini vyuma vya namna hiyo vina taabu yake. Fundi akikitia chuma hicho katika mashine ya kukereza, maranda hutoka marefu kama kamba, yakakizinga kisu, nacho kikapata moto hata makali yakaisha mapema.

Dawa ilipatikana mahali pasipotazamiwa, yaani katika salfa. Tangu kale wayeyusha chuma walijitahidi kuiondoa salfa, kwa kuwa huleta nyufa chuma kinapofuliwa kingali cha moto. Basi adui huyo akafanywa mtumishi. Katika kilo moja ya chuma 416 mna gramu 120 hadi 140 za kromi, kaboni isiyozidi gramu moja na nusu, na salfa isiyopungua gramu moja na nusu. Salfa hiyo huungana na manganizi, zikawa chembe ndogo laini zilizotawanyika ndani ya chuma. Kisu kikizifikia, randa hukatika hapo hapo na kuanguka vipande vifupi. Ndiyo sababu kazi huenda upesi na kisu hudumu.

Tena, chuma hiki hukubali kutiwa ugumu kwa moto, jambo ambalo inoksi ya kromi na nikeli, ile ya vijiko bora, haiwezi. Hupashwa moto mpaka digrii 925 hadi 1010, kisha huzamishwa katika mafuta. Hapo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa hiyo hupashwa tena kwa kiasi ili kipate uvumilivu. Mafundi huepuka kukipasha mara hii ya pili baina ya digrii 400 na 580, kwa maana hapo nguvu yake ya kustahimili pigo hupungua. Sumaku nayo hukivuta.

Kwa sifa hizo hutengenezwa bolti, nati, gia, sehemu za vali, mihimili ya pampu na ya mota. Hata mitutu ya bunduki za shabaha hutengenezwa kwa chuma cha namna hii, ndiyo kazi ile ile aliyoitafutia chuma Brearley.

Hata hivyo, wepesi huo una bei yake. Zile chembe za salfa ndizo mlango wa kutu. Chuma 416 hustahimili hewa na maji yasiyo na chumvi, bali maji ya chumvi hukitoboa. Tena hakifai kuchomelewa, kwa sababu hupasuka penye kiungo. Wala hakifai penye mapigo makali.

Sasa fikirini kisima cha kijiji ambacho maji yake yana chumvi. Fundi ananunua mhimili wa pampu kwa kuwa ameambiwa ni inoksi, naye hakuuliza zaidi. Mhimili unang'aa, umekerezwa vizuri, kila mtu anausifu. Baadaye unaliwa na kutu, unavunjika, na akina mama wanarudi kuchota maji mbali. Chuma hakikukosa neno. Kilipewa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaojifunza ufundi, muuzaji akiwaambia, «Hii ni inoksi,» msitosheke. Mwulizeni ni namba gani, kisha jiulizeni wenyewe: Kitakaa katika maji gani? Kitachomelewa? Kitapigwa? Mwenye kuuliza hayo kabla ya kununua ataiokoa mali ya wenziwe, na kazi ya mikono yake itadumu.