Usirudi Gofu na Fimbo Zisizokufaa

Iwapo waishi mtaani Tena na unanuia kurejea uwanja wa Railway baada ya miaka mingi, usizikimbilie fimbo zako za zamani. Mwili umebadilika, kitambi pekee hukusogeza mbali na mpira.

Vaa viatu, simama wima mikono ikining'inia, upimwe kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kipimo hicho, pamoja na kimo chako, huonyesha urefu ufaao wa fimbo za chuma. Fupi mno hukuinamisha, mgongo ukaumia. Raba ya kushikia ikiwa nyembamba, utaikaba hadi kiwiko kianze kuuma.

Za kuazima nazo zina hila: kisigino kikikwaruza nyasi kwanza, mpira wa anayetumia mkono wa kulia huelekea kushoto. Fundi aweza kuzipinda kidogo, ingawa baadhi huvunjika.