Mtambo wa kukata na kutoboa chuma: Nguvu pekee haitoshi

VYAELEA vimeundwa. Lango la nyumba, paa la bohari na tela la trekta vyote huanza kwa vipande vya chuma vilivyokatwa na kutobolewa kimoja baada ya kingine. Katika karakana za jua kali, kama zile za Kamukunji jijini Nairobi, mafundi wengi hutegemea nyundo, tindo na msumeno.

Wenye mtaji zaidi hutumia mtambo mmoja unaokata vyuma bapa, vyuma vya pembe na nondo, na pia kutoboa mashimo. Mota ya umeme huendesha pampu, nayo pampu husukuma mafuta ndani ya silinda inayoteremsha kisu au kitobozi kwa shinikizo kubwa. Shimo ambalo lingechukua dakika kadhaa kwa keekee hupatikana kwa sekunde chache, bila moto.

Nguvu ya mtambo huu hupimwa kwa tani. Mathalani, kutoboa shimo la kipenyo cha milimita 20 katika bamba la chuma cha kawaida lenye unene wa milimita 10 huhitaji takriban tani 25. Unene ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika nayo huongezeka maradufu. Kwa hivyo, kabla ya kuulizia bei, mnunuzi yafaa ajue unene wa chuma atakachokitoboa.

Hata hivyo, tani si hoja pekee. Kitobozi huingia katika pete iliyo pana kidogo kukishinda. Nafasi baina yao ikizidi, ukingo wa shimo hupinda na kubaki na makali. Ikiwa finyu mno, kitobozi huchakaa upesi. Aidha, kanuni ya mafundi ni kwamba kipenyo cha shimo kisipungue unene wa bamba, la sivyo kitobozi huenda kikavunjika.

La muhimu zaidi ni usalama, kwani mtambo hautofautishi chuma na kidole. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaagiza sehemu hatari za mashine zizingirwe kwa kinga. Kuing'oa kinga ili kazi iende mbio ni kununua dakika kwa kiganja. Hatari huzidi pale fundi mmoja anaposhika chuma huku mwenzake akikanyaga pedali. Anayeshika chuma ndiye anayestahili kuikanyaga mwenyewe.