Walaji Walioungana: Maziwa ya Kopo, Riba na Haki ya Mnunuzi

Mlaji, kwa maana inayotumika hapa, ni mtu ye yote anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake na ya nyumba yake. Anayenunua kopo la maziwa, anayetia sahihi hati ya mkopo na anayemeza dawa aliyoandikiwa, wote ni walaji. Udhaifu wao ni mmoja: kila mmoja hukutana na muuzaji akiwa peke yake, na muuzaji huyajua mambo mengi ambayo mnunuzi hayajui. Vyama vya kuwatetea walaji viliundwa ili kuondoa udhaifu huo. Lakini kama vile vyama vya msingi vilivyoona haja ya kuwa na muungano wao, navyo viligundua kwamba chama kimoja hakitoshi.

Habari ya maziwa ya kopo yaonyesha jambo hilo waziwazi. Mwaka 1939 Dakta Cicely Williams, ambaye alikuwa amewatibu watoto katika Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, alihutubia klabu ya Rotary mjini Singapore na kushutumu biashara iliyowashawishi akina mama kuacha kunyonyesha. Katika nyumba isiyokuwa na maji safi, maziwa ya kopo humletea mtoto kuhara. Na mama asiye na fedha huyazimua ili yadumu, mtoto akadhoofika huku akidhaniwa ameshiba. Hoja ya Dakta Williams ilikuwa ya kweli. Hata hivyo biashara iliendelea, kwa kuwa sauti ya mtu mmoja, hata akiwa mtaalamu, haina njia ya kuifikia sheria.

Mwaka 1960 vyama vitano, vya Marekani, Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji na Australia, viliunda Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Walaji (IOCU), ambalo tangu mwaka 1995 laitwa Consumers International. Mwaka 1977 vikundi vya Marekani vilianza kuwahimiza watu wasinunue bidhaa za Nestlé, kampuni kubwa katika biashara ya maziwa hayo. Kisha, Oktoba 1979, vikundi sita viliungana mjini Geneva na kuanzisha mtandao wa kutetea lishe ya watoto wachanga, IBFAN. Anwar Fazal wa Malaysia, aliyekuwa Rais wa IOCU, alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kazi yao haikuwa hotuba tu. Walikusanya vibandiko vya makopo, matangazo na habari za sampuli zilizogawiwa bure hospitalini, kutoka nchi mbalimbali, hata isiwezekane tena kusema kwamba hayo ni makosa ya wakala mmoja mahali pamoja.

Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga, na nchi tatu hazikuchagua upande. Kanuni zakataza kuyatangaza kwa umma, kuwapa akina mama sampuli za bure, na kuwavuta watumishi wa afya kwa zawadi. Lakini kanuni si sheria mpaka kila nchi itunge yake. Kenya, kwa mfano, ilitunga Sheria yake mwaka 2012, miaka 31 baadaye. Mgomo wa wanunuzi nao ulisitishwa mwaka 1984, ukaanzishwa tena mwaka 1988 kwa sababu ya maziwa ya bure yaliyoendelea kupelekwa hospitalini.

Kuhusu mikopo, mfano wa Marekani wafaa kutazamwa na makatibu. Mwaka 1960 Seneta Paul Douglas alipeleka muswada wa kumlazimu mkopeshaji kutaja gharama halisi ya mkopo. Ulizuiliwa kwa miaka minane, na Douglas mwenyewe alipoteza kiti mwaka 1966. Vyama vya wafanyakazi, vya akiba na mikopo na vya walaji havikuuacha, na mwaka 1968 ukawa sheria.

Sababu ya sheria hiyo ni hesabu rahisi. Mtu akikopa shilingi 1,200 kwa miezi 12 kwa riba ya "asilimia 6", hutozwa shilingi 72 na kulipa 106 kila mwezi. Lakini hakai na shilingi 1,200 mwaka mzima, maana deni hupungua kwa shilingi 100 kila mwezi. Kwa wastani huwa anadaiwa 650 tu, na 72 juu ya 650 ni asilimia 11. Mkopeshaji hakusema uongo, ila mkopaji hakuambiwa kweli yote.

Mwezi Aprili 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha Miongozo ya Kumlinda Mlaji, iliyodaiwa kwa muda mrefu na IOCU. Yafaa wanaushirika wajue kwamba Miongozo hiyo yazitaka serikali kuhimiza uundaji wa vyama vya ushirika vya walaji, hasa vijijini. Huduma za fedha zilipewa sehemu yake ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2015.

Katika chama cha akiba na mikopo, katibu ndiye mkopeshaji mbele ya mwanachama. Fomu ya mkopo itaje mambo manne kabla ya sahihi: fedha atakazopokea mkononi baada ya makato, jumla atakayolipa, riba inavyohesabiwa, na adhabu ya kuchelewa.