Pasipoti ya mtoto ngambo: safari inaanzia kwenye karatasi ya hospitali

Mtoto wa miezi kumi na minane hajui kuweka saini. Hajui kutazama kamera bila kucheka ama kulia. Hana kadi ya mpiga kura, wala hajui kwamba nchi ya wazazi wake inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Lakini siku simu inapolia Kampala kuwaambia wazazi wake kwamba babu amefariki Butembo, mtoto huyo ndiye anayeweza kuzuia safari ya familia nzima. Baba ana pasipoti, mama ana pasipoti. Mtoto ana karatasi ya hospitali tu, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nepi.

Hali ya namna hii si ngeni kwa Wakongomani wa mashariki wanaoishi Nsambya na Katwe huko Kampala, Nairobi ama Bujumbura. Tangu mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, familia nyingine nyingi zimevuka mipaka, na kuna wanawake waliojifungulia ugenini. Watoto hao wanakua. Atakuja mmoja ambaye anahitaji kupelekwa kwa matibabu, mwingine anayengojewa na baba yake Ulaya, mwingine anayetakiwa kurudi nyumbani kwa matanga. Wote wataulizwa swali moja mpakani: hati yake iko wapi?

Haki yenyewe haina ubishi. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema kwamba mtoto ni Mkongomani tangu kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi wake, awe baba ama mama, ni Mkongomani. Haijalishi amezaliwa Beni, Kampala ama Brussels. Kwa hiyo mzazi anayefika ubalozini haombi uraia wa mtoto wake, maana mtoto tayari anao. Anachoomba ni kijitabu kinachouthibitisha. Na kijitabu hicho hakiandikwi kutoka hewani: kinanakili yale yaliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Pasipo cheti, ama kama kina kosa, pasipoti inakwama, hata mzazi akipiga mstari tangu saa kumi na mbili za asubuhi.

Ndiyo maana shida nyingi za pasipoti ya mtoto si shida za pasipoti. Ni shida za wiki za kwanza baada ya kuzaliwa.

Karatasi ambayo muuguzi anampa mama akitoka hospitalini inaonyesha tu kwamba mtoto alizaliwa pale. Si cheti cha serikali. Huko Uganda, cheti kinatolewa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho na uandikishaji wa watu, na wageni pamoja na wakimbizi nao wana haki ya kuandikisha watoto wao. Kwa upande wa Congo, Sheria ya Familia, ile Code de la famille ya 1987 iliyorekebishwa Julai 2016, inawapa wazazi siku 90 za kutangaza uzazi mbele ya ofisa wa état civil. Zamani zilikuwa siku 30. Wakongomani walio ngambo wanaweza kufanya hivyo kwenye ubalozi ama ofisi ya konseli, kwa sababu sheria inazipa ofisi hizo kazi ya état civil kwa raia walio katika nchi hiyo. Siku 90 zikipita, mambo yanahamia mahakamani: inahitajika hukumu ambayo watu wamezoea kuiita jugement supplétif, na mtu aliye ngambo atalazimika kumtuma ndugu ama wakili nyumbani, pamoja na gharama zote zinazofuata. Siku 90 ni nyingi kwa mtu aliyetulia. Kwa mama aliyevuka mpaka akiwa na mimba ya miezi minane, anayetafuta nyumba ya kupanga kabla ya kutafuta ofisi, zinapita upesi.

Kisha kuna jambo la majina, na hapa Wakongomani wana mtego wao wenyewe.

Fomu ya Congo ina sehemu tatu: nom, postnom na prénom. Fomu ya Uganda, ya Kenya ama ya nchi nyingine nyingi haina postnom. Ina jina la ukoo na majina mengine, basi. Karani wa Kampala akiandikiwa majina matatu, analazimika kuchagua lipi la kuweka wapi, na mara nyingi anafuata mpangilio anaoujua yeye. Mtoto ambaye baba yake alitaka aitwe jina la babu kwanza anatoka ofisini akiwa na prénom mahali pa nom, na postnom limemezwa katikati. Isitoshe, kwetu watoto watatu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti kabisa: mmoja wa babu mzaa baba, mwingine wa shangazi, mwingine wa mjomba. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Kwenye uwanja wa ndege wa ugenini, askari wa uhamiaji anatazama pasipoti ya mama, anatazama ya mtoto, haoni hata neno moja linalofanana, na anaanza kuuliza huyu mtoto ni wa nani.

Dawa yake ni ndogo ila inahitaji ukaidi: mzazi aandike mwenyewe majina ya mtoto kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa mpangilio uleule anaotaka uonekane kwenye pasipoti, aiweke mbele ya karani, halafu asome cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Asome pia majina yake mwenyewe, maana ndiyo yatakayolinganishwa na pasipoti yake. Herufi moja iliyopotea, «Kambale» ikageuka «Kambare», inaweza kurekebishwa siku hiyohiyo bila kelele. Baada ya mwaka mmoja inakuwa faili.

Cheti kilichoandikwa kwa Kiingereza kinaweza pia kuhitaji tafsiri ya Kifaransa iliyofanywa na mtafsiri anayetambuliwa, na muhuri wa wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotoka, kabla ubalozi wa Congo haujakipokea. Ni vizuri kuuliza kwanza na kupiga mihuri baadaye, kwa sababu kila muhuri unalipiwa.

Picha nayo ni kazi kuliko watu wanavyofikiri. Kanuni za kimataifa za shirika la usafiri wa anga, ICAO, zinataka uso mzima uonekane, macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma pakiwa peupe, na pasionekane mtu mwingine hata mkono. Kwa mtoto asiyekaa mwenyewe, wapiga picha wenye uzoefu wanatandika shuka nyeupe chini, wanamlaza chali, na kumpiga kutoka juu bila kivuli. Mama anasimama upande wa kichwa na kumwita jina. Inafaa kwenda akiwa ameshiba na amelala.

Kuhusu bei, historia yake si ya kujivunia. Pasipoti ya biometriki ilipozinduliwa Novemba 2015, ilikuwa dola 185 za Marekani, moja ya pasipoti ghali zaidi duniani. Mwaka 2017 uchunguzi wa shirika la habari la Reuters ulionyesha kwamba katika kila dola 185, serikali ya Congo ilibaki na 65 tu. Baadaye bei ilishuka hadi dola 99, na mwaka 2025 serikali ikatangaza pasipoti mpya ya dola 75. Ni nafuu ya kweli, lakini familia ya ngambo haihesabu kijitabu peke yake. Kuna usafiri hadi mji wenye ubalozi, tafsiri, mihuri, picha, siku za kazi zilizopotea. Tena mtoto hawezi kubandikwa kwenye pasipoti ya mama kama ilivyokuwa zamani: kanuni za ICAO zinataka kila mtu awe na yake, hata mchanga wa wiki moja. Mwenye watoto wanne anazidisha.

Mzazi mmoja akiwa mbali, ruhusa yake iandaliwe kwa maandishi, na saini yake ihakikishwe na ofisi inayotambuliwa. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi. Si kiburi cha makarani. Congo imekuwa na historia ngumu ya watoto wanaotolewa nchini. Septemba 2013 idara ya uhamiaji, DGM, ilifikia hatua ya kusimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni. Tangu hapo mtoto anayesafiri na mtu mmoja anatazamwa mara mbili.

Mpaka hapa ni habari ya wale wanaoishi ngambo kama wageni wa kawaida: wafanyabiashara, wanafunzi, wafanyakazi. Kwa mkimbizi, barabara ni nyingine, na kosa lake linaweza kugharimu zaidi ya dola 75.

Mkataba wa Geneva wa 1951 unasema kwamba mtu anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi akirudi kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia. Mwongozo wa UNHCR unaeleza kwamba mkimbizi anayeomba na kupata pasipoti ya nchi yake anahesabiwa kuwa ametaka ulinzi huo, isipokuwa athibitishe vingine. Mwongozo huohuo unatofautisha: kuchukua cheti cha kuzaliwa ama cha ndoa kwa wakuu wa nchi ya asili hakuhesabiwi hivyo. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa mama wa Nakivale ama Kyangwali ambaye mtu amemwambia aende tu ubalozini, wanafanya haraka. Huenda kweli wakafanya haraka. Lakini kabla ya kupanda basi, apitie kwanza kwenye ofisi inayoshughulikia faili yake ya ukimbizi, ama kwa mwanasheria wa mashirika yanayowasaidia wakimbizi, aulize pasipoti hiyo italeta nini kwenye faili ya familia nzima.

Mkimbizi hakuachwa bila hati. Kifungu cha 28 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziwape wakimbizi wanaokaa kwao kihalali hati ya safari, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaitambua haki hiyo. Hati hiyo inafanana na pasipoti, inakubali visa, na mtoto anaweza kuwa nayo. Haikusudiwi kumrudisha mtu katika nchi aliyoikimbia. Kwa hiyo yule anayetaka kwenda matanga Butembo haitamsaidia, na hakuna karani anayeweza kumtatulia hilo. Kuchagua kati ya kuzika mzazi na kulinda hadhi ya watoto ni jambo ambalo familia nyingi za mashariki zimelikuta, na halina fomu.

Kwa waliohamishiwa Marekani, mambo yanageuka tena. Mtoto aliyezaliwa huko ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa tu, hata kama wazazi wake bado ni wakimbizi. Pasipoti yake ya Kimarekani inaombwa kwa fomu DS-11, na akiwa chini ya miaka 16 wazazi wote wawili wanapaswa kufika naye. Asiyeweza kufika, labda kwa sababu amebaki kambini Nyarugusu, anatoa idhini yake kwa fomu DS-3053 iliyowekwa saini mbele ya ofisa wa kuhakikisha saini. Upande wa Congo, sheria ya 2004 bado inasema kwamba uraia wa Congo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Katika maisha ya kila siku maana yake ni kwamba mtoto huyo, akipelekwa Bunia na pasipoti ya Marekani kumwona bibi mzaa baba, ataingia kama mgeni, kwa visa.

Kubaki na karatasi ile ya kwanza ya hospitali ni lazima hata baada ya cheti kutoka. Ikiwa cheti kitapotea, ama mahakama ikihitaji ushahidi wa tarehe, ndiyo pekee yenye jina la mahali na siku ya uzazi. Iwekwe ndani ya plastiki, ipigwe picha kwa simu, na nakala itumwe kwa ndugu mmoja aliye mji mwingine.

Pasipoti za biometriki zilizoanza 2015 zilipewa miaka 5, na nchi nyingi hukataa pasipoti iliyobakisha chini ya miezi sita. Aliyepewa akiwa na miezi kumi na minane atakuwa anaihitaji nyingine kabla ya kutimiza miaka sita na nusu. Safari hiyo ya pili atasimama mwenyewe mbele ya kamera, na sura yake haitafanana tena na ile ya kwanza.