Nyama ya Ng'ombe Ndani ya Jani la Mgomba

Huenda jioni ya Jumapili ndiyo pekee inayokukutanisha na jamaa yako yote mezani. Leo twakuletea pishi lifaalo jioni hiyo, nalo halihitaji tanuri.

Kufunga nyama ndani ya kitu kingine ni desturi ya wengi duniani. Watu wa Mexico huiviringisha katika mikate myembamba ya mahindi, wakaimwagia mchuzi wa pilipili na kuioka. Jirani zetu Waganda huifunga katika jani la mgomba. Pishi hilo huliita luwombo, na husimuliwa kwamba lilianzia katika jiko la Kabaka Mwanga mwaka 1887. Kwa nyumba ya Izigo, wilayani Muleba, ambako mgomba umesimama nyuma ya jiko, hakuna haja ya kutafuta mkate: jani lipo.

Kwa watu sita, kilo moja ya nyama yatosha. Ikate vipande vidogo, uitie chumvi, kisha uikaushe kidogo juu ya makaa ili ipate harufu ya moshi. Katakata vitunguu viwili na nyanya nne, uchanganye na nyama. Ukiwa na karanga zilizotwangwa, vijiko vichache vitaufanya mchuzi uwe mzito.

Sasa majani. Chagua machanga yasiyopasuliwa na upepo, moja kwa kila mlaji. Lakini kabla hujainua panga, nakuomba unisikilize kwa makini kuliko penye chumvi. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa mkoani Kagera, na kata hii ya Izigo ilikuwa miongoni mwa mahali ulikoonekana kwanza. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukikata shina hutoka utomvu wa rangi ya manjano. Vijidudu vyake husafiri kwa wadudu watuao kwenye ua la mgomba, na husafiri pia kwa panga. Mtu aweza kukata jani moja katika shina lililougua, akaenda kukata la pili katika shina zima, na kwa ajili ya chakula cha jioni moja akawa amekiua kibanja walichokitunza babu zake. Kwa hiyo upitishe upanga wa panga lako katika moto hadi upate joto kali, kila uhamapo kutoka shina hadi shina. Nawe unayenunua majani sokoni mjini, usione haya kumwuliza muuzaji yametoka wapi.

Turudi jikoni. Paruza uti wa jani kwa kisu ili usiwe mnene, kisha lipitishe juu ya moto mpaka lilegee na kung'aa; lisipolegea litapasuka na mchuzi wote utapotea. Weka nyama katikati, kusanya pande zake juu, ufunge kwa kamba ya mgomba uliokauka.

Menya ndizi, uzipange katika sufuria kubwa yenye maji kidogo, uweke vifurushi juu yake, ufunike kwa majani na mfuniko. Moto uwe wa wastani, kwa muda wa saa tatu. Maji yakipungua, ongeza ya moto kwa pembeni. Usifunue kila mara kwa udadisi. Mvuke ndio unaopika.

Faida nyingine, ambayo akina mama wataielewa bila kuambiwa, ni kwamba kila mtu hupata kifurushi chake, na ule mzozo wa nani kapewa mnofu na nani kapewa mfupa huishia jikoni. Baba naye hupata kimoja, hata akichelewa kurudi.

Vifungueni mezani, kila mmoja katika bakuli lake. Vya watoto vifunguliwe na mtu mzima, kwa kuwa mvuke wa ndani huunguza.